Silabi Niliyoiruka Miaka Hamsini

Mtaa wa Karakana,
Nyumba ya pili kutoka kona,
Jumanne, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mpwa wangu,

Shikamoo yako ya kwenye barua nimeipokea, nami naijibu kwa moyo wote: marahaba, mwanangu. U mzima? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha, au bado kinakuamsha alfajiri? Na dirisha la chumba chako lile lisilofungika, wamekutengenezea? Mkaza mjomba wako ananihimiza niulize pia kama unakula mchana. Anasema ninyi watu wa maabara mnapima maji ya mji mzima, lakini wenyewe mnashinda bila kunywa hata glasi moja.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linaendelea na ukaidi wake, hasa kwenye ngazi, na la kulia limeanza kuiga. Mkaza mjomba wako amepata miwani mipya, na tangu aipate ameona vumbi ambalo mimi nilidhani halipo, kwa hiyo nyumba haina raha. Mama yako alikuja Jumapili. Mzima kabisa, amenenepa kidogo, ingawa ukimwambia atakataa.

Kifurushi chako kilifika siku kumi na mbili zilizopita. Utanisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nimeianza barua hii mara nne na kuichana mara nne, kwa sababu kila nilipoisoma niliona nimeandika hotuba, nawe hukuomba hotuba.

Uliandika mistari michache tu. Kwamba una miezi mitano hujaingia kanisani. Kwamba mara za mwisho ulikaa pale ukasikia ubaridi mtupu, na waliokuzunguka walikuwa wakitazama saa. Kwamba hutaki kuwa mnafiki, na kwa kuwa mimi ndimi niliyekusimamia siku ya ubatizo, unaona ni haki kunirudishia kitabu cha sala nilichokupa siku ile. Na chini kabisa: "Ulisema kweli, mjomba. Zilikuwa nguvu za soda."

Mstari huo niliusoma nimesimama mlangoni, bahasha bado iko kwapani. 

Siku niliyoyasema maneno hayo naikumbuka. Ilikuwa Jumapili mchana, mezani kwetu. Mama yako alikuwepo, na jirani yetu fundi cherehani, nawe ulikuwa na miezi mitatu tu tangu ubatizwe. Ulikuwa unamweleza fundi kwamba goti hupigwa mpaka chini, si kuchuchumaa nusu kama mtu anayeokota kifungo. Fundi, ambaye ameokota vifungo maisha yake yote, alicheka, nami nikaona nafasi ya kuchekesha zaidi yako. Nikasema, "Mwacheni binti. Hizo ni nguvu za soda. Sisi tuliozaliwa humu tunawajua wanaoingia wakubwa. Mwaka wa kwanza povu mpaka mezani, mwaka wa pili gesi imetoka, imebaki sukari."

Meza nzima ilicheka. Mama yako, ambaye aliliacha kanisa zamani na hakutaka ubatizwe, alicheka kuliko wote. Hata wewe ulicheka. Kisha ukakusanya sahani ukaenda kuziosha, na bomba likaachwa wazi kwa muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji. Nililisikia nikaendelea kula embe. Tangu siku ile ukawa Soda katika nyumba hii, na aliyeongoza kukuita hivyo ni mimi.

Nilipomsomea mkaza mjomba wako barua yako alikuwa anakunja nguo. Hakuniangalia. "Mwaka mzima unamwita Soda," akasema. "Leo gesi imetoka, unamshangaa nani?"

Sasa nikueleze habari ya kitabu. Nilikifungua kwa shingo upande, kama mtu anayefungua sanduku la marehemu, nikakuta umekijaza penseli. Sikujua. Pembeni mwa karibu kila ukurasa una maswali, kwa ule mwandiko wako mdogo wa kwenye lebo za chupa. "Kwa nini hapa tunasimama?" "Muulize padre." "Hii ni nzuri sana, irudie." Nilisoma kurasa ishirini hivi kwa tabasamu, mpaka nilipofika kwenye sala ya kuungama, ile inayosemwa na wote mwanzoni mwa misa, tunapotaja kwamba tumekosa kwa kutotimiza wajibu. Chini ya silabi moja ya neno hilo umepiga mistari miwili. Silabi yenyewe ni "to". Na pembeni umeandika: "Mjomba hasemi hii. Wala Anti. Nisiwaambie."

Nilidhani umekosea. Nikafunga kitabu, nikaisema sala kwa sauti, peke yangu sebuleni, haraka kama ninavyoisema siku zote. Nikajisikia nikisema "kwa kutimiza wajibu". Nikarudia. Ikawa vilevile.

Unanijua napenda kueleza, basi nivumilie kidogo. Silabi hiyo ndogo ndiyo inayokanusha kitenzi kinapotajwa tu bila mtendaji: kwenda na kutokwenda, kula na kutokula. Ukiidondosha unaungama kinyume. Maana yake ni kwamba kwa miaka hamsini mjomba wako amesimama mbele ya Mungu na mbele ya ndugu zake, akajipiga kifua, akaomba radhi kwa kutimiza wajibu wake.

Nadhani najua ilikotoka. Sala hiyo niliipata kwa mama yangu, bibi yako, nikiwa na miaka kumi na miwili. Bibi yako hakujua kusoma. Aliisikia ikisemwa na umati, akaibeba nyumbani kwa masikio, na njiani silabi moja ikamponyoka. Akanipa mimi. Mimi nikampa mkaza mjomba wako kwa kusimama naye bega kwa bega tangu tuoane. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitazama karatasini, kwa maana nani anatazama karatasini kitu anachokijua?

Na hapo ndipo panapouma, kwa sababu unajua kazi iliyonilisha. Miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha kupiga chapa, msahihishaji, mtu anayelipwa kukamata herufi zilizoanguka. Tulikuwa na desturi moja ambayo sijawahi kukusimulia. Karatasi za majaribio zikishasomwa na sisi wote, kabla mashine haijawashwa, zilipelekwa kwa mtu ambaye hajawahi kuziona, azisome kwa sauti. Mara nyingi alikuwa mama mmoja mtunza stoo. Safari moja tulikuwa na lebo ya sumu ya panya. Wanaume sita wenye miwani tuliipitisha. Mama wa stoo akaisoma mstari wa kwanza, akatuuliza, "Jamani, hii sumu mnataka tuile?" Tuliandika "iwekwe karibu na chakula" badala ya "isiwekwe". Sote sita tuliisoma ile "si" ambayo haikuwepo, kwa sababu tulijua inapaswa kuwepo. Yeye alisoma kilichoandikwa.

Wewe ulisikia kilichosemwa. Nikatazama tarehe uliyoweka kando ya maandishi yako: ni wiki mbili kabla ya chakula kile cha mchana. Yaani siku niliyokucheka mbele ya watu, wewe tayari ulikuwa na kosa langu mfukoni, kosa la kuchekesha kuliko soda, ungelitoa pale mezani na mimi nisingesema neno tena mwaka mzima. Ulikwenda kuosha vyombo.

Jioni nilimwendea mkaza mjomba wako jikoni. "Mama," nikamwambia, "ile ya wajibu unaisemaje?"

"Nasema unavyosema wewe."

"Basi tumekosea."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaoana."

Aliweka kisu chini. "Na mtoto alijua?"

"Alijua tangu mwanzo."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Akarudi kwenye vitunguu vyake. Baadaye sana, mimi nikidhani mazungumzo yamekwisha, akaniuliza, "Na wewe ulimwita nani vile?"

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu, hata yeye. Siku ya ubatizo wako, wewe ukiwa umeinama, nilikuwekea mkono begani kama msimamizi anavyotakiwa. Bega lako lilikuwa linatetemeka. Mimi nimehudhuria ubatizo mwingi usio na idadi, na wangu mwenyewe nililetwa nikiwa na siku tisa, nikalala mwanzo mpaka mwisho. Niliposikia bega lile chini ya kiganja changu nilifikiri: langu halijawahi kutetemeka hivi, wala halitatetemeka. Mzaha wa soda ulitoka hapo. Haukuwa uzoefu wa mzee, mwanangu. Ulikuwa wivu. Nakuomba radhi.

Kuhusu ubaridi, sitakudanganya kwamba haupo. Ila naomba nikupe kisa kimoja. Kiwandani tulikuwa na mpiga picha mgeni aliyejifunza lugha yetu akiwa na miaka thelathini. Mwaka wa kwanza alikuwa akitusimamisha kwenye korido. "Yaani mnasema mtu amelala fofofo? Fofofo?" Anacheka mpaka machozi, anaandika kwenye daftari. Sisi tulimwona kama mtu aliyeokota chupa akadhani ni almasi. Mwaka wa tatu akaja kwenye meza yangu mnyonge, akasema lugha imemfia. Haisikii tena, maneno yamekuwa maneno tu. Nikamuuliza, "Leo asubuhi umegombana na mkeo kwa lugha gani?" "Kwa hii hii," akasema, na mwenyewe akashangaa.

Sisi tuliozaliwa kanisani tunaiongea dini hivyo, bila kuisikia. Hatujui sarufi yake, tunameza silabi, tunatazama saa. Ninyi mlioingia wakubwa mnaijua kanuni kwa kanuni, na kwa muda mnasikia kila neno linavyolia. Uliponiuliza kwa nini tunasimama kwenye injili, sikuwa na jibu, ilibidi nikasome. Niliona haya, lakini wiki ile nilisimama nikijua nimesimama. Hicho mlitupa ninyi. Ila hakuna anayeweza kusikia kila neno linalia kwa maisha yake yote. Huenda ulichokipoteza si imani. Huenda ni ugeni.

Nasema huenda. Sijui kilichomo moyoni mwako, na nimejifunza kutosema kama najua.

Ninachokijua ni changu. Wewe ulikuwa hujazaliwa tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa na miaka mitano. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Baada ya hapo nilikwenda kanisani kila Jumapili kwa miaka minne bila kusikia kitu chochote. Sikuwa na imani ya kunipeleka. Mkaza mjomba wako alikuwa akipiga pasi shati langu kila Jumamosi na kulitundika mlangoni. Hakusema twende. Shati lilikuwa pale tu, na kama nisingekwenda ingebidi nilirudishe kabatini, nami sikuwa na nguvu za kulirudisha. Kanisani fundi cherehani alikuwa akisogea kwenye benchi kunipisha. Miaka ile minne dini yangu yote ilikuwa hiyo: shati, na mtu kusogea. Sikuomba sala hata moja iliyokuwa yangu. Nilisema zile za wote, tena nikizikosea. Siku moja, hata siikumbuki ilikuwa lini, nilijikuta naimba ubeti wa pili, na sikujua ubeti wa kwanza niliuanza saa ngapi.

Kwa hiyo unaona nilivyokwama. Kutimiza wajibu ndiko kulikonivusha wakati ule. Na kutimiza wajibu huko huko ndiko kulikonifanya nikae mezani nimeshiba, nimcheke mtu aliyekuwa anawaka. Sasa sijui niungame lipi.

Jumapili iliyopita niliamua kuisema silabi yote. Ilinichelewesha. Kanisa zima lilikuwa limekwisha nyamaza, mimi nikabaki peke yangu na "wajibu" hewani. Mkaza mjomba wako alinipiga kiwiko. Fundi akageuka, akaninong'oneza, "Mzee, umeongeza nini?"

Nilimjibu mezani, siku hiyohiyo, kwa sababu nilikucheka mezani na niliona radhi iombwe palepale. Nilieleza habari ya silabi, ya penseli, na ya siku ile. Fundi aliacha kutafuna. "Kumbe alikuwa anatusikia wote?"

"Alikuwa anatusikia."

"Mimi alinisikia nasemaje?"

"Wewe husikiki," nikamwambia. "Wewe unatoa mlio kama cherehani." Akakubali.

Mama yako safari hii hakucheka. Alikiomba kitabu, akautazama mwandiko wako ule mdogo, pale ulipoandika "Nisiwaambie". Mama yako si mjinga. Hakuuliza kimefikaje mikononi mwangu. Alisema tu, "Huyu mtoto ana adabu," akanirudishia. Hayo mengine ya miezi mitano sijamwambia, ni yako kuyasema au kuyanyamazia. Na lile jina limekwisha. Anayelitaja hapa anaosha vyombo.

Sikuambii urudi kanisani. Kukusimamia ubatizo si kukuchunga. Nakuomba kitu kimoja: usiache kwa sababu yangu. Usiseme "mjomba alitabiri", kwa kuwa mjomba hakutabiri kitu, alikuwa na wivu na mdomo mwepesi. Ukiona kweli njia hiyo si yako, iache kwa sababu iliyo yako mwenyewe, niandikie, na nyumba hii itakupokea kama jana. Na kama siku moja utaingia tena, ingia hata ukiwa baridi. Kaa benchi la nyuma. Tazama saa ukitaka. Utakuwa na wenzako wengi, na mmoja wao nitakuwa mimi, huku, saa ileile. Wala si unafiki. Mnafiki ni yule anayejifanya ana joto.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana na anasema soksi za sufu alizokufumia ziko ndani ya kifurushi, usizigawe. Mama yako anakusalimu. Ukipata nafasi mpigie simu, umwache aongee yeye. Fundi cherehani anakusalimu, anasema ukija likizo umfundishe ile sala polepole, mstari kwa mstari, na hataki mimi niwepo.

Kitabu nakirudisha pamoja na barua hii, na kuhusu hilo nina neno moja. Kwenye ukurasa wa kwanza, pale nilipoandika kwa mkono wangu jina lako la ubatizo, nimeona umelikata kwa mstari mmoja wa rula, ulionyooka, kama mnavyokata kipimo kilichokosewa kwenye daftari la maabara. Mstari sikuufuta, ni wako. Lakini kazini kwetu neno likikatwa, kisha mtu akaona halikustahili kukatwa, halikuandikwa upya. Tuliweka nukta chini yake, moja kwa kila herufi, na pembeni tukaandika "ibaki". Mchapaji akiona hivyo, alikuwa anajua la kufanya.

Nimeweka nukta nane chini ya jina lako. Pembeni nimeandika. Ni penseli tu, mwanangu, na mkono wangu siku hizi haukandamizi. Ukitaka kuifuta, itafutika.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mwema, na akukumbuke hata siku ambazo wewe humkumbuki.

Ni mimi nikupendaye kwa dhati,
Mjomba wako, na msimamizi wako